TUPA LAMI, SHIKA VUMBI! Kilombero kwa baiskeli, kati ya mpunga na mito

Vijana wa mjini bwana! Mwambie mtu Jumapili twende ufukweni, anakuja mbio. Mwambie kuna mahali pana muziki mkubwa na nyama choma, anakuja mbio zaidi, hata kama hana nauli ya kurudia. Lakini jaribu kumwambia, "Mshikaji, wikiendi hii tupande baiskeli," halafu uone atakavyokutazama. Atadhani umechacha. Kwa mtoto wa Sinza au Kinondoni, baiskeli ni chombo cha muuza mikate, mbeba mkaa na mzee wa kijijini anayepeleka kuku mnadani. Yeye anaota gari, na kama gari bado liko mbali, basi angalau bodaboda.

Haya, sasa sikia hii. Mwaka 2022 shirikisho la baiskeli la dunia, UCI, liliandaa kwa mara ya kwanza ubingwa wa dunia wa baiskeli katika njia za changarawe. Siyo lami, na siyo kupanda majabali. Changarawe na vumbi! Mashindano yalifanyika Italia, kutoka mji wa Vicenza hadi Cittadella, wanaume kilomita 194 na wanawake kilomita 140. Gianni Vermeersch wa Ubelgiji akawa bingwa kwa wanaume, na Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa akachukua upande wa wanawake. Na sehemu kubwa ya njia yenyewe ilikuwa nini? Tambarare, katikati ya mashamba, kandokando ya mito.

Yaani kile kile anachofanya mama wa Ifakara kila alfajiri, jembe likiwa kwenye keria na mtoto mgongoni, akipita juu ya tuta la mfereji bila hata kuyumba. Tofauti ni moja tu: huyu wa kwetu hakuna anayemvisha medali.

Wiki hii nataka nikuchokoze kidogo, msomaji wangu. Njia nzuri kuliko zote za mchezo huu hazipo Ulaya peke yake. Tunazo hapa hapa, mwendo wa basi kutoka Dar. Zimetengenezwa na matairi ya wakulima kwa miaka mingi, na kuzipita hakuna kiingilio. Ila zina wenyewe, na hapo ndipo utamu na somo vilipo.

BONDE LENYEWE LIKOJE?

Toka Dar kama unakwenda Iringa, pita Morogoro, pita hifadhi ya Mikumi, halafu pale mjini Mikumi kata kushoto. Barabara inashuka mpaka Kidatu, unavuka Ruaha Mkuu, na ghafla dunia inakuwa bapa kama meza. Karibu Bonde la Kilombero.

Upande wa kulia una milima ya Udzungwa, imesimama kama ukuta wenye msitu, na kilele chake kirefu kinazidi mita 2,500. Upande wa kushoto nchi imelala mpaka macho yachoke. Chini bondeni kule Ifakara ni kama mita 250 tu juu ya usawa wa bahari. Mvua ikipiga mlimani, maji yote yanateremka kwa mito midogo midogo na kukutana kwenye Mto Kilombero. Mto unajaa, unamwagika pembeni, na uwanda unageuka ziwa. Maji yakiondoka yanaacha tope lenye rutuba. Ndiyo maana ule mchele unaonukia mpaka kwa jirani, ule wauzaji wa sokoni wanaoapa kwamba "huu wa Kilombero, dada", unatoka hapo.

Mwaka 2002 uwanda huo wa mafuriko uliandikishwa chini ya mkataba wa kimataifa wa ardhioevu, ule wa Ramsar. Ukubwa wake unakaribia hekta 800,000. Siyo kadimbwi ka kuchezea watoto!

BAISKELI NDIYO MWENYEJI

Ukishuka stendi Ifakara, kitu cha kwanza kitakachokushangaza ni kengele. Kriing, kriing, huku na kule. Mwalimu anakwenda shule kwa baiskeli, muuguzi anakwenda zamu kwa baiskeli, fundi cherehani kafunga mashine yake kwenye keria. Wasichana wanaendesha, kinamama wanaendesha, na hakuna anayegeuza shingo kuwatazama. Hapa Dar binti akipanda baiskeli barabarani, kila kijiwe kinapiga miluzi. Kule ukipiga mluzi utaonekana wewe ndiye mgonjwa.

Sababu ni nyepesi: nchi ni tambarare. Baiskeli ya gia moja, tena nzito ya chuma tupu kama Phoenix ya Kichina au Avon ya Kihindi, mlimani inakutoa roho. Kwenye tambarare inateleza yenyewe. Wazee bado wanaikumbuka na Swala, ile iliyokuwa ikitengenezwa kwetu Tanzania enzi za viwanda vya umma. Gunia la mpunga linakaa nyuma, mkeka unafungwa juu yake, na mzee anapiga pedeli taratibu huku anasalimia kila anayepishana naye.

Kwa hiyo elewa jambo hili mapema: unapoingia Kilombero na baiskeli yako ya rangi rangi, wewe siye unayeleta mchezo mpya. Wewe ni mwanafunzi. Walimu wamevaa kandambili.

KWA NINI TUIKIMBIE LAMI?

Wapo watakaosema, "Si barabara kuu ya kwenda Ifakara imepata lami? Kwa nini nihangaike na vumbi?" Swali zuri. Jibu ni kwamba lami imejengwa kwa ajili ya mwenye haraka. Wewe mwenye baiskeli unapita pembeni, kwenye ukingo mwembamba, basi linakuja nyuma, lori la miwa linakuja mbele, na dereva anakupigia honi kana kwamba umeiba barabara ya baba yake. Unabaki na uchaguzi wa aina mbili: mtaroni au mbinguni.

Wenyeji wameshalijua hilo. Barabara ikishakuwa ya kasi, mwenye baiskeli mwenye akili anahamia njia za ndani: ile inayofuata reli, ile ya juu ya tuta la mfereji, ile inayokata mashamba kutoka kijiji hadi kijiji. Huko hakuna basi. Kuna bodaboda mojamoja, trekta, ng'ombe, na watoto wanaotoka shule. Kasi ya kila mtu inalingana na akili yake.

Halafu kuna jambo jingine. Kwenye lami unafika, lakini huoni kitu. Kwenye changarawe macho yanafanya kazi, masikio yanafanya kazi, hata pua inafanya kazi. Unajua kwamba hapa wanapura mpunga kabla hujawaona.

NJIA YA KWANZA: MIWA (Kidatu hadi Mang'ula)

Hii ni ya wale wanaoanza, kama kilomita 25 hivi. Ukishavuka daraja la Ruaha unakuta bahari ya miwa. Kiwanda cha sukari cha Kilombero kipo tangu miaka ya 1960, na pembeni ya mashamba yake yapo ya wakulima wa nje wanaokiuzia miwa. Kati ya vitalu kuna barabara za udongo zilizonyooka kama rula. Ukiwa ndani, huoni kitu ila ukuta wa kijani kulia na kushoto, na juu kipande cha mbingu.

Ila sikiliza. Omba ruhusa kwanza, maana mashamba yana wenyewe na yana walinzi. Pili, msimu wa kuvuna, miwa huchomwa moto kabla ya kukatwa, na matela yake hayana mzaha. Ukiona moshi, geuza. Hapo hakuna ushujaa.

Mashariki ya miwa kuna msitu wa Magombera, ambao mwaka 2019 ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Hapo pana kisa cha kuwasimulia washikaji. Mtafiti mmoja kutoka Uingereza, Andrew Marshall, alikuwa kwenye kazi zake za kuhesabu nyani na kima, akakutana na nyoka anamla kinyonga. Nyoka alipomwona mtu akamtema kinyonga na kutoweka. Kuja kuchunguzwa, kinyonga yule hakuwahi kuandikwa na mwanasayansi yeyote duniani! Mwaka 2009 akatangazwa kuwa aina mpya, akapewa jina la msitu wake. Nyoka hakupata hata ahsante.

Kabla hujafika Mang'ula unapita kijiji cha Sanje. Inua macho: maporomoko yale meupe kwenye ukuta wa mlima yanateremka jumla ya mita 170. Yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Ukitaka kuyafikia unaacha baiskeli chini, unalipa kiingilio na kupanda kwa miguu ukiwa na mwongozaji.

NJIA YA PILI: MPUNGA (Mang'ula hadi Ifakara)

Hii ni kilomita arobaini na kitu, na kwangu mimi ndiyo tamu kuliko zote. Usishike barabara kuu. Uliza njia za ndani, kijiji kwa kijiji: Mwaya, Kisawasawa, Kanyenja, Kiberege, Signali, mpaka Kibaoni na Ifakara mjini. Reli ya TAZARA, ile ya kilomita 1,860 iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, inapita bonde hili hili. Ukipotea tafuta reli, na upande wa pili tafuta mlima. Kati ya vitu viwili hivyo huwezi kupotea sana.

Mchezo wenyewe upo kwenye matuta. Wakulima wamechimba mifereji kutoka kwenye mito ya mlimani, na udongo uliotolewa umekuwa tuta. Juu ya tuta pana kijinjia cha upana wa kiganja cha jitu, kimepigwa na matairi mpaka kikawa kigumu kama sakafu. Kushoto maji, kulia mpunga. Siri ya kupita ni kutazama mbali, siyo kutazama tairi. Ukitazama tairi unaogelea.

Mpunga ukikaribia kuiva utaona vibanda vimesimama juu ya miti katikati ya shamba. Hayo ni madungu. Mkulima anahama nyumbani, anaishi humo msimu mzima kulinda chakula chake, mchana ndege, usiku nguruwe pori. Ukipita pale usipige kelele za kitalii. Salimia. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, watoka wapi?" Hapo umeshapata mwenyeji, na huenda umepata na hindi la kuchoma.

Tahadhari kubwa ya njia hii ni tembo. Tangu zamani wanavuka bonde kati ya Udzungwa na upande wa pili, ambako sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ushoroba wao unapita karibu na Mang'ula. Kwa hiyo usiendeshe alfajiri sana wala magharibi. Tembo hana habari na kengele yako.

NJIA YA TATU: MTO (Ifakara hadi Lupiro)

Kilomita 26 kwenda kusini. Asubuhi na mapema unatoka mjini, mara unaufikia Mto Kilombero wenyewe, mpana, rangi ya chai ya maziwa, mitumbwi ya wavuvi ikiteleza kimya kimya.

Leo unavuka kwa raha zako juu ya daraja la mita 384, lililofunguliwa rasmi mwaka 2018 na kupewa jina la Rais Magufuli. Lakini simama katikati kidogo, tazama chini. Miaka yote kabla ya hapo watu walivuka kwa kivuko au mtumbwi. Januari 2016 kivuko kilikumbwa na upepo mkali, kikapinduka na abiria. Wapo ambao hawakurudi nyumbani. Kwa mtu wa Ulanga aliyekuwa na mgonjwa wa kupeleka hospitali ng'ambo, mto huu ulikuwa mlango unaofungwa wakati wowote. Kwa hiyo ukimwona mzee anavuka na baiskeli yake huku anatabasamu peke yake, usimcheke. Anajua anachokifurahia.

Kwenye mafunzi na matete ya hapo kuna ndege mdogo wa manjano, mnana wa Kilombero. Wanasayansi walimwandika rasmi mwaka 1990, na nje ya bonde hili humpati. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kumtazama dakika kumi. Wewe unamwona bure, ukiwa umeshika breki.

Ukishavuka, pitia Kivukoni na Minepa, halafu Lupiro. Njia za kando ya barabara zinapita kwenye majaruba ya umwagiliaji. Kwa mwendo wa mtu wa kawaida, kilomita 12 hadi 15 kwa saa, unafika kabla jua halijawa kali. Kula wali na kambale, pumzika chini ya mwembe, rudi jioni mapema.

NJIA YA NNE: YA WENYE MIGUU (Ifakara hadi Kihansi)

Hii siyo ya wikiendi. Ni kilomita 126, na kwa wengi wetu ni siku tatu. Unaelekea magharibi, mlima ukiwa kulia muda wote: Idete, Namawala, Mbingu, Mchombe, Mngeta, Chita. Kila baada ya mwendo kidogo kuna mto unaoteremka: Lumemo, Ruipa, Mngeta, na mwisho Kihansi wenyewe. Nyumba za wageni zipo, za kawaida, za ndoo ya maji na chandarua. Reli nayo inafuata huko huko mpaka Mlimba, kwa hiyo ulizia ratiba ya treni kabla hujaondoka. Miguu ikigoma, unajua pa kukimbilia.

Kihansi unaijua kwa umeme, megawati 180, na kwa wale vyura. Ndiyo, vyura wale wale waliochekwa nchi nzima! Wanazaa watoto hai badala ya kutaga mayai, na walikuwa wakiishi kwenye manyunyu ya maporomoko yale peke yake. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu yakapungua na vyura wakaanza kuisha. Karibu mia tano walipelekwa Marekani mwaka 2000 kuzalishwa. Mwaka 2009 wakatangazwa kwamba wametoweka porini, na mwaka 2012 uzao wa wale wa Marekani ukaanza kurudishwa nyumbani. Korongo lenyewe huingii bila kibali, lakini ukiwa bondeni ukivuka maji ya Kihansi utajua umevuka maji yenye historia.

TWENDE LINI?

Juni hadi Oktoba, basi. Usiende na ubishi. Mvua zinaanza karibu na mwisho wa mwaka, na kati ya Machi na Mei maji yanakuwa juu. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa ni balaa: unanata kwenye tairi, unajaa kwenye madigadi, gurudumu linagoma kuzunguka, na mwisho baiskeli inakupanda wewe. Ukikauka ni mgumu kama simenti. Juni na Julai mavuno yanaendelea na bonde zima linanukia mpunga. Septemba na Oktoba vumbi ni jingi na jua ni kali, lakini mito imeshuka na vivuko vyake ni rahisi.

NA BAISKELI JE?

Hapa ndipo nitakapowachekesha wenye fedha. Baiskeli za mbio za lami zina tairi nyembamba, milimita 25 hadi 28. Kwenye changarawe zinazama na kuteleza. Kwa hiyo watengenezaji wa Ulaya na Marekani wakakaa, wakafikiri, wakaja na baiskeli ya changarawe: usukani wa mbio, tairi pana kiasi, milimita 35 hadi 50. Bei yake ukiambiwa unakaa chini.

Sasa nenda kapime tairi ya Phoenix ya babu yako. Inchi 28 kwa moja na nusu. Hiyo ni kama milimita 40! Dunia nzima imezunguka ikarudi pale pale alipokuwa babu.

Kwa hiyo usisubiri kununua ya bei mbaya. Baiskeli yoyote nzima yenye tairi pana inatosha. Kitu cha maana ni upepo. Mjini tumezoea kujaza mpaka tairi inalia kama ngoma. Kwenye changarawe punguza kidogo: tairi laini inakumbatia kokoto badala ya kurukaruka juu yake, mikono haifi ganzi, na unashika njia vizuri. Ila usipunguze mpaka rimu iguse chini, maana tyubu itabanwa na kupasuka. Kagua na breki. Zile za vyuma za Phoenix zikilowa maji hazishiki vizuri, kwa hiyo ukitoka mtoni zipe muda.

Chukua tyubu ya akiba, pampu, kibandiko cha pancha na spana. Vingine mwachie fundi. Kila kijiji kina fundi baiskeli chini ya mti, ana beseni la maji la kutafutia tundu, na mikono yake inajua kuliko kitabu. Mwamkie, kaa kwenye benchi, subiri zamu. Lipa bila kubembeleza bei kama uko Kariakoo, maana bei yake ni ndogo na ndiyo chakula cha wanawe.

Na jambo moja zaidi: baiskeli yako ipande basi kutoka Dar. Usijaribu kuendesha ndani ya hifadhi ya Mikumi. Barabara kuu inapita humo kama kilomita 50, na wanaovuka pale siyo kuku.

ADABU ZA NJIA

Njia hizi siyo uwanja wa michezo. Ni barabara za kazi, na anayezitumia kila siku hana siku ya mapumziko. Kwa hiyo:

Mwenye mzigo apite kwanza. Wewe umebeba chupa ya maji, yeye kabeba gunia. Shuka, sogea, mpishe.

Ukikuta mpunga umeanikwa njiani usiupite juu. Ile ni ada ya shule ya mtoto wa mtu.

Ng'ombe wakija, simama pembeni, acha mchungaji afanye kazi yake.

Usipige watu picha kama unapiga swala. Salimia, omba, ndipo upige.

Usioge mtoni kwa sababu tu umeona maji. Mto Kilombero una mamba na viboko, na maji yaliyotulia ya mifereji yana kichocho. Maji ya kunywa ni ya kubeba au kununua, na kwa jua lile hesabu kama lita moja kila saa.

Usiku lala ndani ya chandarua. Mbu wa kule wana sifa. Siyo bure kwamba Taasisi ya Afya Ifakara, yenye jina kubwa duniani kwa utafiti wa malaria, ilianzia hapo hapo miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya Waswisi.

NJIA ZITABAKI?

Msomaji, nisikuache na raha tupu. Njia nyingi nilizozitaja zinafuata kingo za mito. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inasema shughuli za kibinadamu za kudumu zisifanyike ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ukipita kwa baiskeli unaona mwenyewe hali ilivyo: sehemu nyingine miti ipo, kivuli kipo, njia ipo. Sehemu nyingine jembe limefika mpaka majini, ukingo umemeguka, na njia imeanguka mtoni pamoja nao. Siwalaumu wakulima peke yao, ardhi inagombewa na njaa haisomi sheria. Lakini ukingo ukimeguka, mto unajaa mchanga, na anayekosa maji wa kwanza ni yule yule mwenye jaruba.

Na wewe wa Dar usidhani hayakuhusu. Mto Kilombero ukikutana na Luwegu ndipo Rufiji inapozaliwa, na zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji yanatoka kwenye bonde hili. Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115 linayategemea maji hayo. Feni ya chumbani kwako Mbagala inazungushwa na mvua ya Udzungwa.

Halafu kuna hili la barabara. Kule vijijini mwenye baiskeli lami ikimsukuma anayo njia ya kuhamia. Huku mjini hana. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi mwaka 2016, pembeni ya Barabara ya Morogoro ziliwekwa njia za baiskeli. Nenda leo kazitazame: bodaboda, meza za biashara, magari yaliyoegeshwa. Tukiulizwa kwa nini, tunajibu kwamba wenye baiskeli ni wachache. Ni wachache kwa sababu wanaogopa kufa, siyo kwa sababu hawana miguu! Ifakara haina njia hata moja ya kifahari, lakini mama anampakia mtoto na kumpeleka kliniki bila wasiwasi, kwa kuwa kila mtu barabarani anajua kwamba baiskeli ni mtu.

Basi nenda kajionee. Usiende kuonea watu huruma wala kushangaa umaskini wa mtu. Nenda ukajifunze namna mji mzima unavyoweza kwenda kazini, shule, sokoni na harusini kwa magurudumu mawili, bila foleni na bila kutukanana. Ukirudi miguu itauma siku mbili, na ya tatu utaanza kuulizia bei ya baiskeli pale Kariakoo. Ukiinunua, usiiache ioze uani. Itoe barabarani asubuhi, wewe na wenzako watano, kumi, ishirini, mpaka wenye meza na wenye bodaboda waikumbuke ile njia ilichorwa kwa ajili ya nani.

Haya, pampu ishikwe. Na ukipishana na mzee mwenye gunia la mpunga, usisahau: shikamoo kwanza, kengele baadaye.